Rudia, mwanangu

Wiki hii mmeuliza: mtu mzima akijaribu jambo jipya, akili yake inafaidika kweli au anajipotezea muda? Mimi nawajibu kwa ukili, ule mkanda wa majani ya mkindu unaosukwa kisha ukashonwa kuwa mkeka.

Nimefanya kazi ya mahesabu miaka 26. Mwaka juzi, nikiwa na miaka 51, nilimwomba shangazi anifundishe kusuka. Akanipa miyaa, yale majani ya mkindu yaliyochanwa, akaanza yeye, akanionyesha mara tatu. Katikati nilikwenda vizuri: huu juu, huu chini. Nilipofika ukingoni, pale mwaa unapokunjwa ili urudi ndani, nikapotea. Jioni nzima nilipata shubiri moja, tena imepinda. Shangazi akaitazama, akaifumua yote. "Rudia, mwanangu." Nililala kichwa kinaniuma kama niliyetoka kwenye mtihani.

Asubuhi nikashika tena, na mkunjo ule ulionishinda usiku ukakubali. Baadaye nilisoma kwamba tukilala, ubongo huendelea kuimarisha kile mikono ilichojifunza mchana. Niliamini mara moja, maana nilikuwa nimeshakiona kwenye vidole vyangu.

Mwaka 2004 watafiti nchini Ujerumani walichapisha habari za watu wazima waliojifunza kurusha na kudaka mipira mitatu mfululizo. Baada ya miezi mitatu, picha za ubongo zilionyesha kuwa sehemu zinazofuatilia vitu vinavyotembea zimeongezeka. Wakaacha mazoezi miezi mitatu, na ongezeko lile likapungua.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tembea tu, uone mapya, utakua. Upya unaamsha akili, hilo kweli, ila kinachojenga ni kurudi kesho yake kwenye kitu kilekile kilichokushinda jana. Mkeka mmoja unataka pima nyingi za ukili kabla hujaanza kuushona. Wangu ulinichukua miezi minne.

Faida kubwa niliikuta kazini, mahali ambapo sikuitarajia. Nilikuwa nimesahau kabisa hali ya kutojua. Kijana mgeni akikosea, nilikuwa navuta kiti chake na kumalizia mwenyewe, nikidhani namsaidia. Siku hizi namwonyesha, kisha namwachia. Juzi mmoja alihangaika na hesabu za benki zisizolingana tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mkono uliniwasha. Nikampelekea chai, nikarudi mezani kwangu. Saa kumi kasoro akaniita nije nione.