Vidudu vya buluu kwenye papa mkavu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza papa na ng'onda, na kwenye stoo hiyohiyo nimeweka magunia mawili ya mbata. Siku hizi naona vidudu vya buluu vinavyong'aa, na ndani ya papa nimekuta mabuu yenye manyoya. Jirani anasema ni fukusi, nipulize dawa ya mahindi. Nipulize?
Muuza papa, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usipulize, nakuomba sana. Papa huyo ataingia chunguni kwa mtu, na sumu yake pamoja naye.

Fukusi ni wa nafaka. Wako ni mbawakawa wa aina mbili. Yule wa buluu, mwenye miguu myekundu na urefu wa milimita 4 hadi 7, wataalamu humwita Necrobia rufipes. Anapenda vyenye mafuta, ndiyo maana mbata na papa vyote anavila. Umemwandalia sinia mbili chumba kimoja.

Mabuu yenye manyoya yana mama mwingine, Dermestes maculatus. Mgeuze chali: mgongo mweusi, tumbo jeupe kama lililopakwa chokaa. Buu lake lina vijiba viwili vilivyopinda karibu na mkia, na ukilimulika linakimbilia gizani. Huyu ndiye wa kumwogopa. Makumbusho mengine humfuga makusudi asafishe mifupa ya wanyama. Hula nyama iliyokauka mpaka ubaki mfupa mtupu. Kazi hiyohiyo anaifanya kwenye papa wako, nawe unauza ngozi na unga.

Buu likikaribia kugeuka mbawakawa hutoboa mahali pagumu lijifiche, hata mbao. Nilipokuwa kijana, rafu za stoo ya mjomba zilitobolewa mpaka zikawa kama chekeche. Tulilaumu mchwa. Tukabadilisha mbao mbili, lakini makombo ya samaki yaliyojaa chini hatukuyagusa, na wadudu wakarudi.

Kwa hiyo toa kila kitu leo. Mbata ihamie chumba kingine. Papa wazima wakung'ute, uwaanike tena mpaka wakauke hasa. Walioliwa wachome moto. Kwangua sakafu, pembe na nyufa zote. Mzigo ujao mwambie mvuvi atie chumvi ya kutosha kabla ya kuanika, maana Dermestes hastawi kwenye samaki wa chumvi nyingi, nawe ukague kila papa mlangoni, hasa kwenye mikunjo. Na ubao wowote wenye matundu utoe kabla papa hawajarudi ndani, kwa sababu waliojificha humo bado watatoka.