Mkopo Hautangulii Mwanachama

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii: majaribio ya programu yake yanapita yakiendeshwa yote pamoja, lakini akichagua moja peke yake linafeli. Ndugu yangu, maradhi hayo nayajua vizuri.

Niliwahi kuwa kwenye timu iliyojenga mfumo wa sacco kwa Django, zana ya Python ya kujengea programu za wavuti. Data za majaribio zilikaa kwenye faili moja refu la JSON, yaani data iliyoandikwa kama maandishi: wanachama, akaunti, mikopo, wote wakitajana kwa ID, namba ya kila mmoja. Mkopo unamtaka mwanachama, unamtaka na mdhamini, ambaye naye ni mwanachama mwenye salio. Mtu akimsimamisha mwanachama namba 7 kwa ajili ya jaribio lake, majaribio ya riba yanafeli, na hesabu ya riba haina kosa lolote. Nikapendekeza tulivunje faili lile. Nikajibiwa mbele ya kikao kizima kwamba mteja halipii majaribio. Mpaka leo linaniuma.

Kazi hiyo nikaifanya usiku, kwa muda wangu. Kwenye pytest, zana ya kuendeshea majaribio ya Python, fiksicha (kipande cha msimbo kinachoandaa data ya jaribio) hutaja kwa jina inachokitegemea: ya mkopo inaomba ya mwanachama na ya mdhamini, na pytest yenyewe inajua ipi itangulie. Mduara mmoja tu ulinitoa jasho: akaunti ina mwenyewe, na mwanachama ana akaunti kuu. Nani aanze? Anaanza mwanachama, sehemu ya akaunti ikiwa tupu, inafuata akaunti, kisha unarudi kuijaza ile sehemu. Bosi aliyenibeza kikaoni baadaye alitaka mradi wake mwingine upangwe vivyo hivyo. Sikusema neno.

Tatizo la msomaji wangu nadhani liko kwenye upeo, yaani muda ambao fiksicha inadumu kabla ya kuundwa upya. Fiksicha inayodumu tangu majaribio yaanze hadi yaishe haiwezi kuomba inayoundwa upya kwa kila jaribio. pytest itakukatalia kwa kosa liitwalo ScopeMismatch, yaani upeo haulingani, na ina haki. Watu huipanua ile ndogo ili kelele ziishe, kumbe wamefungua mlango: data ya jaribio moja inabaki, linalofuata linaiegemea bila kujua, na likiendeshwa peke yake linaikosa.

Kwa hiyo kila fiksicha itaje inachokitegemea. Jaribio liombe kinachohitajika tu. ID usiandike kwa mkono. Na narudia: itaje inachokitegemea! Vijana mnaota kazi za kulipwa kwa dola, ila pytest-randomly, programu-jalizi ya pytest, hamjaiweka hata siku moja. Iwekeni, ivuruge mpangilio wa majaribio, ndipo mje kujisifu kwamba yote ni kijani, yaani yamepita.