Mlima unaporomoka vipi na mvua haijanyesha?

SWALI: Assalam aleikum. Kijana wangu yuko Uswisi, alinirushia video ya kile kijiji cha Blatten kilichofukiwa Mei 2025, tangu hapo sina raha. Eti barafu iliyo ndani ya mlima ikiyeyuka mlima waachia. Mimi najua maporomoko ya mvua, huo mlima wa mawe waanguka vipi?
Mama, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Kijana hajakudanganya. Hebu fikiria lile boksi la vibua pale Kongowea, wamegandana na barafu, ukilipindua hatoki hata mmoja, sasa liache juani kidogo uone. Kule juu sana maji yameingia kwenye nyufa za mwamba yakaganda, na hata kiangazi huyeyuka kile kitabaka cha juu tu, ardhi ikikaa digrii 0 ama chini yake miaka 2 mfululizo ndio wataalamu huiita pamafrosti. Hio barafu ndio gundi ya mlima. Na si lazima iyeyuke yote, ikipata joto kidogo tu hata kabla ya kufika sifuri huwa imeshalegea, mwamba unaanza kusogea polepole. Huku kwetu ni mvua, kama West Pokot Novemba 2019, udongo ulishiba maji ukashuka na watu usiku.

Blatten, mawe ya mlima Kleines Nesthorn yalikuwa yanamwagikia mto wa barafu ulio chini yake, yaani barafu nene inayoteremka polepole mlimani, yakaulemea, tarehe 28 Mei vyote vikashuka bondeni, na wataalamu wanaitaja pamafrosti kuyeyuka miongoni mwa sababu. Lakini mamangu, watu kama 300 walikuwa wametolewa siku 9 kabla, na ng'ombe wao, manake kuna watu walikuwa wanaupima ule mlima wakaona unatembea! Mmoja alifariki, Mungu amrehemu, ila watu wa kijiji kizima wangeisha. Mlima mwingine, Piz Cengalo, huko huko Uswisi, uliporomoka Agosti 2017, wapanda milima 8 wakafukiwa na hawakupatikana mpaka leo.

Kwa hivyo mpigie, muulize nyumba yake iko chini ya mlima upi na kama kijiji chao kina mitambo ya kuupima, na siku akiambiwa ahame atoke saa hio hio, masanduku ayaache.