GIMP: dirisha moja au madirisha mengi? Inategemea unafanya kazi gani

Kila nikimwelekeza mtu GIMP, ile programu ya kuhariri picha, swali huwa hilo hilo, mbona kwa fulani iko dirisha moja na kwa mwingine imetawanyika skrini nzima? Programu ni ile ile jamani, mpangilio tu. Tangu Spencer Kimball na Peter Mattis waitoe mwaka 1996 kila kitu kilikuwa na dirisha lake, zana huku, leya (matabaka ya picha yanayolaliana) kule, na ukifungua picha tano basi ni madirisha mengine matano. Toleo la 2.8 la mwaka 2012 ndo likaleta dirisha moja, halafu 2.10 ya 2018 ikaja hivyo yenyewe bila kuchagua.

Kama una laptop tu, tena yenye kioo kidogo, baki na dirisha moja. Picha zinajipanga juu kama kurasa za brauza, leya haziendi kujificha nyuma ya programu nyingine, na ukitaka nafasi bonyeza Tab, paneli zote za pembeni zinapotea, ukibonyeza tena zinarudi. Kwenye kukata nywele za mtu kutoka kwenye bakgraundi hiyo Tab inasaidia mno.

Ila kuna kazi moja siifanyi kwa dirisha moja hata kidogo, kurekebisha picha za zamani, zile za wazee wetu zilizokunjika na kujaa mikwaruzo. Hapo naenda menyu ya Windows naondoa tiki kwenye Single-Window Mode, kisha menyu ya View nachagua New View, picha ile ile inafunguka mara ya pili. Moja naizumu mpaka 400% nashughulika na mkwaruzo wa shavuni kwa zana ya Heal (ya kufuta kasoro), nyingine iko pembeni inaonekana yote, na kila nikipitisha brashi kwenye moja, ile nyingine nayo inabadilika palepale, kwa hiyo naona mapema kama ngozi imeanza kulainika kupita kiasi na bibi wa watu anapoteza sura yake. Kwenye dirisha moja hizo mbili huwezi kuziona kwa pamoja, ni kurukaruka tu huku na huku, na kwa kazi ya sura ya mtu hilo mimi silikubali.

Ukiwa na monita ya pili ndo kabisa, tawanya, picha iwe kwenye monita kubwa, zana na leya zibaki kwenye laptop.

Na usiogope kubadili katikati ya kazi, picha haiguswi, leya zako zote zinabaki na unaendelea ulipoishia.