Maswali ya Wasomaji: Mshahara Ninao, Hamu ya Kazi Sina

SWALI

Kwako Mshauri, salamu. Mimi ni mhasibu wa miaka 34, naishi Kahawa West na kazi yangu iko Eneo la Viwanda. Kwa miaka sita nilifanya kazi katika chama kidogo cha akiba na mikopo, ambako nilikaa dirishani nikiwahudumia wanachama, wengi wao wauza mboga na wenye vibanda vya mitumba. Nakumbuka mama mmoja niliyemweleza mara tatu jinsi riba inavyopungua kadiri deni linavyopungua. Siku alipomaliza mkopo wake aliniletea fungu la managu. Miaka mitatu iliyopita nilihamia kampuni ya uchukuzi inayonilipa karibu mara mbili. Sasa kutwa nzima nalinganisha taarifa za benki na vitabu vyetu, na tarakimu zikikubaliana naanza ukurasa mwingine. Jumapili jioni tumbo hunisokota nikiiwaza Jumatatu. Mama yangu, aliyeko Machakos na ambaye namsaidia, anasema ninalia nikiwa nimeshiba. Pia namlipia mdogo wangu karo ya chuo. Nafikiria kuacha kazi nikajitolee katika makao ya watoto. Je, nina kasoro gani?
Mhasibu, Kahawa West

JIBU

Dada yangu, mama yako hakukutukana. Kizazi chake kilipima kazi kwa unga na karo, na kwa kipimo hicho umefaulu kuliko wengi. Tatizo ni kwamba kipimo hicho hakina mstari wa kuandikia hayo unayoyaeleza, kwa hiyo kila ukimlalamikia yeye husikia malalamiko juu ya mshahara.

Huenda likakushangaza kwamba wahasibu walikwisha kuhojiwa juu ya jambo hili hili. Mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, pamoja na wenzake, waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 mjini Pittsburgh, wakiwaomba wasimulie nyakati walipoifurahia kazi yao kupita kawaida na nyakati walipoichukia. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1959, waliosimulia nyakati mbaya walitaja zaidi kanuni za kampuni, wasimamizi na hali ya kazi, ilhali waliosimulia nyakati njema walitaja kukamilisha jambo gumu, kutambuliwa, kukabidhiwa dhamana, na kazi yenyewe. Herzberg akahitimisha kwamba mshahara mdogo humkera mtu, lakini mshahara mnono huondoa kero tu bila kuleta hamu. Wapo waliompinga wakisema kwamba binadamu akifaulu hujisifu mwenyewe na akikwama humlaumu mkubwa wake, nami naona pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo, barua yako ingeweza kutolewa katika mahojiano yale: mshahara umeutaja kwa maneno machache, lakini fungu la managu bado unalikumbuka baada ya miaka hiyo yote.

Ndiyo maana siamini kwamba umeuchoka uhasibu. Ulichopoteza ni dirisha. Kule uliiona sura ya mtu aliyefaidika na hesabu zako. Huku hesabu ni zile zile, pengine ngumu zaidi, lakini mwenye kuzihitaji hukumjua na hakujui. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa karani wa mishahara, na kwa miaka minne ya kwanza nilizijua nambari za wafanyakazi kuliko majina yao. Kisha mzee mmoja wa stoo akaja na hati yake ya mshahara aliyoikunja mara nne, akanionyesha kwa upole kwamba saa zake za ziada za miezi miwili hazikuandikwa. Mstari nilioupita kwa haraka ulikuwa kodi yake ya nyumba. Sikulipwa hata senti moja zaidi baada ya siku ile, lakini sikupata tena usingizi mezani pangu.

Mtafiti Adam Grant alilijaribu jambo la namna hii kwa wafanyakazi waliokuwa wakipiga simu kuchangisha fedha za chuo kikuu kimoja cha Marekani. Kundi moja lilikutanishwa kwa dakika chache na mwanafunzi aliyesoma kwa ufadhili uliotokana na michango hiyo. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 2007, mwezi mmoja baadaye kundi hilo lilikuwa likizungumza na wachangiaji kwa muda unaozidi mara mbili ya ule wa awali, na fedha walizopata zilizidi maradufu pia. Kazi yao haikubadilika, wala malipo yao.

Basi jiulize ni nani anayesubiri tarakimu zako zikubaliane. Katika kampuni ya uchukuzi, naamini yupo dereva ambaye posho yake ya safari imekwama, na yupo mwenye gereji ndogo ambaye ankara yake haijalipwa kwa sababu ya tofauti iliyojificha kwenye ukurasa wako. Mwombe msimamizi wako akuruhusu upokee malalamiko hayo ana kwa ana, walau siku moja kwa wiki. Ni ombi ambalo wakubwa wengi hulikubali upesi, kwa kuwa hakuna anayependa kuyapokea malalamiko hayo. Tena, mtaani kwako hamkosi vyama vya kina mama ambavyo daftari lake haliwezi kusomwa na yeyote isipokuwa aliyeliandika. Jitolee kulinyoosha moja. Shika daftari tu, dada, usishike pesa. Urafiki mwingi mjini humu umezikwa katika kisanduku cha chama.

Kuhusu makao ya watoto nitakuwa mkali kidogo. Katika barua yako yote hakuna mtoto hata mmoja. Watoto wale wamekwisha kuachwa na watu wazima, na hawahitaji mlezi aliyekuja kwao kwa sababu anakimbia ofisi. Ukiona baada ya miezi sita kwamba hakuna kilichobadilika, tafuta tena kazi ya dirishani, lakini kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu ishi miezi mitatu kwa mshahara ule wa zamani, ukiiweka akiba tofauti yote. Kama karo ya mdogo wako na msaada wa mama vitapita bila mkopo, utakuwa umepata jibu pamoja na akiba ya kuanzia. Visipopita, utalijua jambo hilo ukiwa bado na kazi.

SWALI

Mimi ni bawabu wa usiku katika nyumba za ghorofa Kilimani, saa 12 kila usiku, siku saba kwa wiki, na sijapata likizo tangu niajiriwe miaka miwili iliyopita. Kila mara tunahimizwa tuipende kazi yetu. Je, hayo si maneno ya wenye mishahara mikubwa?
Bawabu, Kilimani

JIBU

Kaka, kwa hali yako, ni hayo hasa, na sitakuongezea mengine ya aina hiyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, yenye malipo kamili, kwa kila miezi 12 uliyotumika. Andika katika daftari kila usiku uliofanya kazi, hifadhi barua ya ajira na hati zako za mshahara, kisha umkabili mwajiri kwa maandishi; akikataa, vipeleke vyote katika ofisi ya kazi ya serikali. Neno kibarua, kama ujuavyo, maana yake ni barua ndogo: zamani pwani mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi, akakirudisha jioni apewe ujira wake. Usikubali kuwa na kibarua bila karatasi. Habari za kuipenda kazi tutazizungumza ukishalala usiku mmoja nyumbani kwako.