Jibu: Unataka sauti ya besi ya kizamani? Pikapu iache kwanza

Umeuliza ubadilishe pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) gani ili besi yako, yaani gitaa la besi, ya mtindo wa zamani itoe sauti ya miaka ya 60. Kama imenakili Precision, besi ya kampuni ya Fender, pikapu yake ya vipande viwili ni ya muundo uleule ulioingia mwaka 1957, kwa hiyo tatizo haliko hapo. Tafuta nyuzi bapa (zilizozungushiwa utepe bapa) na sponji ya kufupisha mlio. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya muziki ya Motown, alipiga Precision ya 1962 yenye nyuzi bapa, na alizibadilisha pale tu zilipokatika. Sponji nayo ilibandikwa chini ya kifuniko cha kromu cha daraja (sehemu inayoshikilia nyuzi mwilini); wapigaji walipovua kifuniko, ikaondoka nacho.

Ukifunga uzi bapa, ukunje kwanza pembe mraba kama sentimita 10 mbele ya ufunguo wake wa kutyunia, ndipo ukate. Ukikata kabla ya kukunja, utepe wa nje unaweza kulegea juu ya waya wa ndani na uzi ukafa sauti.

Seti nyingi za nyuzi bapa huvuta kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo watu huharibu kazi: shingo inapinda mbele, wao wanashusha daraja badala ya kunyoosha shingo. Bana uzi kwenye freti (vijiti vya chuma vya shingoni) ya kwanza na ya mwisho, upime nafasi kati ya uzi na freti ya 8. Milimita 0.35 inatosha kwa ubao wa vidole ambao mpindo wake una nusu kipenyo cha inchi 7.25. Ikizidi, kaza fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo robo mzunguko, utyuni, upime tena. Kwenye mtindo wa zamani nati ya fimbo hiyo iko upande wa mwili, kwa hiyo legeza nyuzi na ufungue skrubu nne za shingo. Kero, naam, lakini usijaribu kuizungusha kwa pembeni; utaharibu kichwa chake.

Kimo cha nyuzi kwenye freti ya 17: milimita 2.4 kwa E (uzi mnene zaidi), 2 kwa G (mwembamba zaidi). Kisha linganisha noti ya freti ya 12 na hamoniki yake (mlio wa kugusa uzi hapo bila kuubana). Noti ikiwa juu kuliko hamoniki, sogeza nyuma kitegemeo cha uzi huo kwenye daraja. Fanya hivyo bila sponji.

Sponji iwe laini, upana sentimita 2, iguse nyuzi zote nne kidogo tu karibu na daraja. Ikibana sana, noti hazisikiki hata ukiongeza amplifaya.