Kwa mawakili wapya mnaoanza kushika rufaa za jinai

Habari zenu wadau, hii naiandika kwa mawakili wapya, hasa wale mnaokabidhiwa faili la rufaa ya jinai na bosi anasema tu "shughulikia hili" halafu anaondoka, maana naona wengi wanakimbilia kuandika sababu za rufaa kabla hata hawajajua kesi ilienda vipi.

Kwanza kabisa muda. Kabla hujafungua chochote angalia hukumu ilitoka tarehe ngapi na sheria ya unapofanyia kazi inakupa siku ngapi, usibebe za kusikia kwa mwenzako. Tanzania ukitoka mahakama ya chini kwenda Mahakama Kuu kuna notisi ya kuonyesha nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, Kenya ni siku 14, Uingereza aliyetiwa hatiani Crown Court (mahakama ya makosa makubwa) ana siku 28, mahakama za shirikisho za Marekani siku 14. Ukipitiliza unaweza kuomba kuongezewa muda ila lazima uwe na sababu inayosimama, na "nilikuwa na kazi nyingi" haisimami popote. Kama mteja yuko ndani, ulizia gerezani kama alishasaini notisi, sehemu nyingi mfungwa anaiwasilisha kupitia mkuu wa gereza, na pengine alishafanya hivyo kabla ndugu zake hawajakutafuta wewe.

Halafu elewa kwamba rufaa sio kesi inaanza upya. Mashahidi hawarudi, na ushahidi mpya unakubaliwa kwa nadra sana tena kwa masharti. Majaji wanasoma makaratasi, kwa hiyo kilichopo kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya maandishi ya yaliyosemwa na kufanyika mahakamani, ndicho ulichonacho, na kisichokuwepo ni kama hakikutokea. Omba nakala kamili iliyothibitishwa na mahakama, pitia kurasa moja moja uone kama hakuna iliyoruka, linganisha na orodha ya vielelezo. Mimi nashauri usome hati ya mashtaka, kisha mwenendo wote mpaka mwisho, hukumu uiache ya mwisho, kwa sababu ukianza na hukumu tayari umeshaingia kwenye kichwa cha hakimu na utausoma ushahidi kwa macho yake.

Na soma taratibu jamani. Shahidi anasema "usiku ule nilimtambua kwa mwanga wa taa", sentensi inapita vizuri tu na hakimu kaiamini. Sasa simama hapo hapo ujiulize taa gani, ilikuwa wapi, mwanga wake ulikuwa mkali kiasi gani, alikuwa mbali kiasi gani, alimwangalia kwa muda gani, alikuwa anamjua kabla, na alipofika polisi mara ya kwanza alimtaja jina au alisema tu "siwajui"? Kama mwenendo haujibu hayo basi hapo kuna sababu ya rufaa. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ililiweka sawa jambo hili mwaka 1976 kwenye kesi ya Turnbull na mahakama nyingi zenye mfumo kama huo zinapima utambuzi kwa maswali ya aina hiyo hiyo. Fanya vivyo hivyo kwa maelezo ya kukiri ambayo mshtakiwa aliyatoa kituoni polisi: je alipinga kuwa aliyatoa kwa hiari, na mahakama ilifanya uchunguzi kabla ya kuyapokea au iliyapokea tu? Kielelezo nacho, kilitoka mkono wa nani kwenda wa nani mpaka kikafika mahakamani.

Mteja nenda ukamwone mwenyewe, usiishie kwa ndugu. Atakueleza siku ya tukio kwa urefu, msikilize kwa heshima maana hajapata mtu wa kumsikiliza, ila kisha mrudishe kwenye yaliyotokea mahakamani: lugha alikuwa anaielewa, alipewa mkalimani, aliulizwa kama ana mashahidi, aliposema "ni kweli" alisomewa maelezo ya kosa akayaelewa? Hilo la mwisho ni zito, kwa sababu aliyekiri kosa mwenyewe sehemu nyingi rufaa yake inabanwa, anabaki kulalamikia adhabu tu isipokuwa uonyeshe kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na kasoro.

Sababu za rufaa ziwe chache zenye nguvu. Nimeshaona rufaa ina sababu nyingi kibao, nyingine zinarudia nyingine, na ile moja ambayo ingemtoa mtu imefichwa katikati huko haionekani. Na ukitaka kusema wakili wa mwanzo aliharibu, mtafute kwanza umuulize, anaweza kuwa na maelezo ambayo hayamo kwenye faili.

Kwa ndugu ongea ukweli tangu siku ya kwanza kabla hela haijatoka mfukoni mwao. Kushinda kunaweza kumaanisha kuachiwa, ila kunaweza pia kumaanisha kesi kusikilizwa upya au adhabu kupunguzwa tu. Zipo nchi ambazo mahakama ya rufaa ina uwezo wa kuongeza adhabu, na mteja anatakiwa alijue hilo kabla hajasaini. Dhamana wakati rufaa inasubiri nayo ni ngumu kuliko ile ya mwanzo, kwa sababu ameshatiwa hatiani, ile dhana ya kuwa hana hatia haipo tena. Msiwaahidi tarehe ya kutoka, kuna mama anauza vitu vyake kwa ajili ya neno lako.

Kukata rufaa ni haki ya mtu, imo hata kwenye Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 14, kwa hiyo hata mteja ambaye mtaa mzima umeshamhukumu anastahili usome faili lake kwa bidii ile ile. Ikishindikana, angalia kama kuna ngazi nyingine juu na siku zake zinaanza kuhesabiwa lini. Kwenye ngazi hiyo mara nyingi wanasikiliza hoja za kisheria tu, kwa hiyo yale ya ushahidi yamalizeni kwenye rufaa ya kwanza.